Mwaka wa Betri ya Lori

Mama mkubwa tulimzika Jumanne, na Alhamisi asubuhi mimi na Lusungu, binti yake, tulikuwa chumbani kwake tunakunja vitenge. Ndiyo kazi tuliyopewa na wakubwa wa msiba: tutoe nguo zote za marehemu kabatini, tuzikunje, tuzipange juu ya mkeka, ili jioni ndugu wagawiwe na matanga yaishe. Vitenge vilikuwa vingi kuliko nilivyodhani, vingi vya kutoka Nakonde, upande wa Zambia, vingine bado vina karatasi ya dukani. Tulikuwa tunashika kila mmoja pembe mbili, tunanyoosha, tunakutana katikati, tunarudi nyuma. Lusungu alikuwa akilia kidogo kidogo, anafuta, anaendelea. Mimi nilikuwa silii. Ukoo umenizoea. Wanasema Enesi ana moyo mgumu, na mimi huwa nawaacha waseme, maana kubishana kunataka nguvu. Ukweli ni kwamba nilikauka mwaka mmoja nikiwa na miaka ishirini na miwili, ndani ya nyumba hii hii ya Tunduma, na tangu hapo mambo hupita mbele yangu nikayaona tu.

Leo mimi ni fundi umeme, nina kibanda changu Vwawa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: umeme ukikatika, mtu anunue nini? Jenereta, sola, au betri na inveta? Wateja wanakuja na majibu yao tayari, wamesikia kwa shemeji, wameona kwa jirani, wanataka tu niwaunge mkono. Mimi nawauliza jambo moja kwanza: ndani ya nyumba yako kuna nini kisichoweza kungoja? Wengi wanacheka. Mpira, dada. Nyama kwenye friji. Simu ya mke wangu, huyo asipochaji hakukaliki. Hao nawauzia chochote wanachotaka na maisha yanaendelea. Lakini akitokea mmoja akasema kuna mgonjwa, naacha kazi niliyoshika, nafunga kibanda, namfuata hadi kwake, nakagua mwenyewe, na nikimaliza nampigia simu kila mwezi kumuuliza hali ya betri mpaka ananichoka. Watu wa Vwawa wanasema nina roho nzuri. Waseme tu na hilo.

Mwaka ule nilikuja kukaa kwa baba mkubwa nikiwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha kufunga nyaya za nyumba, nangoja kazi ambayo haikuwa na haraka na mimi. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka mingi chini ya ardhi kwenye machimbo ya shaba ya Kitwe, na mtaani walimwita Mzee Kitwe, hata watoto. Alirudi na redio nzuri, viti vya sebuleni vyenye mikono ya mbao, na vumbi la mgodi mapafuni. Nilipofika, vumbi lile lilikuwa limeshashinda. Alikuwa anakaa kutwa kwenye kiti kimoja kando ya dirisha, mrija puani, na kando yake mashine ya oksijeni, imetumika, imechubuka pembe, ambayo rafiki zake wa zamani wa mgodini walimtafutia upande wa pili wakaivusha mpakani ndani ya gari la ndizi. Ilikuwa na urefu wa ndoo mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na ilikuwa inavuma mchana kutwa. Mrija ulikatisha katikati ya sebule, na kila aliyeingia alijifunza kuinua mguu mahali pale pale. Hata leo, nikiingia sebule ile, mguu wangu unainuka wenyewe.

Mashine ikivuma, alikuwa mtu kamili. Alikula kidogo, tonge tatu za ugali na dagaa wa Zambia, au kipande cha kikande, yale mandazi meusi ya mizizi na karanga ambayo mama mkubwa alimpikia kila Jumamosi. Wanamwanga wenzangu watanisamehe kuita kikande andazi, sijui niwaelezeje wengine. Lakini chakula chake hasa kilikuwa maneno ya watu. Dirisha lake lilitazama kichochoro kinachokwenda mpakani, na kutwa nzima wanawake wabebaji mizigo walikuwa wakipita wakisemezana, Kibemba, Kinamwanga, Kiswahili, yote katika sentensi moja. Yeye alisikiliza, kisha jioni mezani akatusimulia: nani kakimbiwa na mume, nani mahindi yake yamezuiwa, nani anajifanya mjamzito ili asipekuliwe. Alisimulia kwa vipande vifupi, maneno matatu, anavuta pumzi, maneno mawili, anavuta. Tukajifunza kumngoja. Ilifika mahali hata mimi nikawa nasema kwa vipande, na Lusungu, aliyekuwa akifanya kazi Mbeya na kuja mwisho wa mwezi, alinicheka sana.

Kisha ukaja mgao wa umeme. Zamu ya mtaa wetu ilikuwa mchana, na siku ya kwanza hatukuwa tumejiandaa na lolote. Mashine ilinyamaza katikati ya chakula. Nakumbuka ule ukimya kuliko ninavyokumbuka sura ya mtu yeyote. Baba mkubwa aliweka tonge chini taratibu, akashika mikono ya kiti, na mabega yake yakaanza kupanda na kushuka. Tulimbeba na kiti chake, mimi na mama mkubwa na jirani mmoja, tukamtoa barazani kwenye upepo, na mama mkubwa akampepea kwa sinia la wali. Kucha zake ziligeuka rangi. Alikuwa akinitazama mimi, sijui kwa nini mimi, pengine kwa sababu nilikuwa na cheti. Umeme uliporudi, alikuwa hawezi kushika kikombe. Mama mkubwa alimnywesha chai kwa kijiko hadi kikombe kikaisha, kisha akasema, "Hii haitajirudia tena nyumbani kwangu."

Kahawa ya shamba la mama mkubwa huko Mbozi ilikuwa imeshalipwa mwaka ule, na ilitosha kununua kitu kimoja, si viwili. Tukakaa sebuleni Jumapili baada ya ibada kuamua kitu gani. Mama mkubwa alitaka jenereta. Kulikuwa na Fundi Yoramu, mchomelea vyuma wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa nalo na alikuwa tayari kutusaidia kuchagua zuri. Binamu mmoja aliyefika kutoka Ivuna na magunia ya chumvi alisema kwao kila mtu ana sola, na nilimweleza, kwa sauti ya kisomi ambayo leo ningependa kuizaba kibao, kwamba sola ya kuchajia simu na mashine ya oksijeni ni mambo mawili tofauti. Hilo nilikuwa sahihi. Baba mkubwa alitusikiliza wote, kisha akainua kidole.

"Jenereta, hapana," alisema. Akavuta pumzi. "Likinguruma hapo nje, mimi nitasikia nini?"

"Utasikia moyo wako unapiga, mume wangu," mama mkubwa akajibu. "Hayo maneno ya njiani yatakungoja."

"Moyo nausikia kila siku. Hauna habari mpya."

Sote tulicheka, mama mkubwa pia, ingawa alikuwa na hasira. Kisha akasema neno lililoniingia kichwani na kunikaa vibaya: "Enesi ndiye fundi. Achague yeye." Wote wakanigeukia. Nilikuwa sijawahi kuachiwa kuamua hata mboga ya jioni. Nilisema betri na inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Hakuna kelele, hakuna moshi, umeme ukienda unabadilisha waya tu na mgonjwa hajui lolote. Nilisema vizuri sana, na baba mkubwa alinikonyeza.

Hapa Tunduma, kitu ukikikosa dukani unakwenda kukitafuta kwenye foleni. Malori yalikuwa yanangoja kuvuka siku tatu, siku nne, mstari usiokwisha hadi nje ya mji, na madereva waliishi humo barabarani: wanapika, wanafua, wanauza walichonacho. Inveta niliinunua dukani. Betri nikaifuata foleni, kwa Mzambia mmoja aliyeitwa Bashi Mwape, mtu wa tumbo na kofia, aliyekuwa anauza vifaa vya malori pembeni ya tela lake.

"Mulishani, mukwai," alinisalimu, akafunua turubai. "Iyi ni strong sana, sister. Inaamsha lori na mzigo, asubuhi ya baridi, mara moja tu."

Akachukua spana, akaigusisha vichwa viwili vya betri kwa nukta moja. Cheche iliruka, buluu, na mlio wake uliwafanya hata mama lishe wageuke. Watu waliosimama pale wakashangilia, "Eeeh!" Ndivyo betri inavyopimwa hapa mjini hadi leo: inapigwa cheche, na cheche ikiwa kubwa, betri ni nzima. Nilisimama pale na cheti changu nikapima kama wao. Betri ya lori imetengenezwa kutoa nguvu zake zote kwa pumzi moja, injini iamke, kisha injini yenyewe iijaze tena. Haikutengenezwa kunyonywa polepole saa baada ya saa mpaka chini. Ukiinyonya hivyo, kila mara inarudi pungufu. Hilo nalijua leo. Chuoni tulifundishwa soketi, swichi na mita. Ya betri sikufundishwa, wala sikumuuliza mtu. Na hata sikuhitaji kuuliza, maana nilipopita karakana ya Fundi Yoramu nikiwa na betri juu ya mkokoteni, aliinua miwani yake ya kuchomelea akasema, "Binti, hiyo ni ya kuamshia. Siyo ya kukaa nayo." Nikajiambia huyu ana jenereta lake anataka kutukodishia. Nilimshukuru nikapita.

Mgao wa kwanza baada ya hapo, betri ilikaa saa tatu na dakika kumi. Nilibadilisha waya, mashine ikaendelea kuvuma, na baba mkubwa hakukatisha hata sentensi. Majirani walikuja kuona. Aliwaambia, "Huyu ni fundi wangu," akinionyesha kwa kidole gumba, na mama mkubwa alinipikia kuku, kwangu mimi, nusu nzima. Nilikuwa na furaha mwaka ule, hilo niliseme wazi, miezi minne mitano ambayo sijapata kama hiyo tena. Nyuma ya mlango wa sebule nilikuwa naandika kwa penseli muda ambao betri imekaa kila umeme ulipokatika; hata umeme ukirudi niliiacha mashine kwenye betri hadi kengele ya inveta ilie, nipime. Saa tatu na dakika kumi. Saa tatu kasoro. Saa mbili na nusu. Saa mbili na dakika tano. Mgao wa mtaa wetu ulichukua muda wa saa mbili. Siku betri ilipokaa saa moja na dakika hamsini, inveta ilianza kulia kengele yake, pii, pii, pii, na umeme ukarudi mimi na baba mkubwa tunatazamana. Siku ile sikuandika. Sikuandika tena kamwe.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini hasa kilinifunga mdomo. Haikuwa woga wa kugombezwa, kwa sababu nyumba ile hawakugombeza. Mama mkubwa alikuwa akiniuliza akiosha vyombo, "Betri inaendeleaje, mwanangu?" na mimi nikijibu, "Nzuri, mama." Ilikuwa rahisi. Ningesema mbovu, ingebidi tukae tena sebuleni, tuanze upya, kahawa imeshaliwa, na baba mkubwa asinikonyeze tena. Nilijipa moyo kwamba mgao unakaribia kwisha. Na kweli ulikwisha wiki ile ile. Redio ilitangaza, umeme ukatulia wiki nzima, mwezi, karibu miwili, na nikaanza kulala usingizi wa mtu aliyesamehewa.

Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana. Mama mkubwa alikuwa ameenda kwenye maombi ya akina mama. Mimi nilikuwa nachambua maharage sebuleni, na baba mkubwa alikuwa ananisimulia habari ya mwanamke wa njiani aliyevusha mbuzi mgongoni kwa kumfunga kitenge kama mtoto. Umeme ukakatika, si kwa mgao, nguzo imeanguka mahali. Nikabadilisha waya. Mashine ikavuma. Alimalizia habari ya mbuzi. Sikuwa hata nimerudi kwenye maharage yangu vizuri kengele ikaanza. Kutazama saa, dakika kumi na nne. Kisha mashine ikanyamaza.

Nilimvuta na kiti chake hadi karibu na mlango wa baraza, nikashindwa kukipitisha peke yangu. Nikampepea. Mabega yakaanza. Nikamwambia, "Baba, nakwenda kwa Fundi Yoramu, nachukua jenereta, narudi sasa hivi." Akanishika mkono hapa, juu ya kiwiko. Hakuwa na nguvu lakini alinishika. Akasema, "Kaa." Neno moja tu, na lilimgharimu. Mimi nilimtoa vidole kimoja kimoja, kwa adabu, nikasema, "Nakuja, baba," nikakimbia.

Fundi Yoramu alikuwa anachomelea geti. Alipouona uso wangu alizima jenereta bila kuuliza, tukalipakia mkokotenini wawili sisi. Barabara ilikuwa imezibwa na foleni, lori nyuma ya lori, na ilibidi tuzunguke hadi mahali dereva mmoja alipokubali kurudi nyuma hatua mbili tupite. Tulichukua muda. Nilipoingia sebuleni alikuwa kitini pale pale nilipomwacha, na mabega yalikuwa yametulia. Nilielewa papo hapo. Hata hivyo nilifanya kila kitu kwa utaratibu: Fundi Yoramu alivuta kamba, jenereta likanguruma barazani, nikachomeka mashine, nikahakikisha taa imewaka, nikamrekebishia mrija puani. Kisha nikavuta kigoda nikakaa nikamshika mkono. Hapo ndipo kitu kilipozima. Nilikuwa nangoja nilie, na kilio hakikuja, nikawa nahesabu vigae vya dari.

Mama mkubwa aliusikia mngurumo tangu njiani akaja mbio, akaona nilivyokaa. Jambo la kwanza alilofanya ni kutoka nje na kumwambia Fundi Yoramu azime. Alirudi, akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mumewe. Kisha akaniuliza bila kuinua kichwa, "Ulikuwa naye?"

Fundi Yoramu alikuwa amesimama kizingitini. Alinitazama.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Asante, mwanangu. Basi hakuondoka peke yake."

Fundi akavua kofia akatoka nje, na hakuwahi kusema neno, na miaka michache baadaye akahamia kwao akafia huko. Kilichobaki cha mwaka ule nakikumbuka kama orodha. Nilipika. Nilideki. Nilifuta maandishi nyuma ya mlango kwa sabuni. Betri niliirudisha foleni nikaiacha kando ya barabara aichukue atakayeipenda. Nilipata kazi Vwawa nikaondoka. Na kila harusi, kila kipaimara, kila tulipokutana, mama mkubwa alinishika bega mbele ya wageni na kusema, "Huyu ndiye aliyemshika mkono baba yenu mpaka mwisho." Watu walinipisha kiti, wakanipa soda ya kwanza. Nilikaa. Nilikunywa. Mama mkubwa aliishi miaka kumi na saba juu ya ile ndiyo yangu, aliiegemea, alilala nayo, na sikuona saa ya kuiondoa chini yake. Sasa amekufa naye, na sikusikia unafuu, sikusikia chochote. Nilisimama makaburini nikawa naangalia waya wa kipaza sauti ulivyoungwa vibaya.

Tulikuwa tumefika kwenye kitenge cha kijani, kile alichovaa kwenye harusi ya Lusungu. Tulinyoosha. Lusungu akasimama hapo hapo, pembe mkononi.

"Dada Enesi," alisema. "Sijawahi kukuuliza. Mama alikuwa akisema usisumbuliwe. Baba alisema nini mwisho?"

Ningeweza kumtungia kitu. Nilikuwa na miaka kumi na saba ya kujiandaa, na angeshukuru, na angenipa kile kitenge cha kijani. Nilimtazama. Ana pua ya baba yake.

"Alisema nikae," nikamwambia. "Nikaenda kutafuta jenereta. Niliporudi alikuwa ameshakufa. Mama alinikuta nimemshika mkono, akaniuliza, nikasema ndiyo. Na betri nilijua imechoka. Nilijua miezi miwili kabla."

Nje wanaume walikuwa wakipanga viti na mmoja akicheka kwa sauti. Lusungu hakuachia kitenge, wala mimi. Alipitisha kidole gumba kwenye upindo, tena na tena. Nilikuwa namngoja apige kelele, aite wajomba, anitoe chumbani. Ningetoka.

"Alikuwa amekaa?" aliuliza. "Au ameanguka?"

"Amekaa."

"Amefumba macho?"

"Hapana. Yalikuwa wazi."

Alikuwa akiyachukua majibu moja moja kama mtu anayelipangia jambo mahali pake.

"Alikuwa anatazama wapi, dada? Dirishani?"

"Hapana," nikasema, na sauti ikanikatika, mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka ishirini na miwili. "Mlangoni. Kule nilikopitia."